Mkuu, usitume hiyo video ya watoto wa Mwaloni

Simama hapo hapo. Nimesoma uzi wako wa kuomba chuo cha filamu nje mara mbili. Umeuliza mtihani wa Kiingereza wa IELTS, barua za wadhamini, ufadhili, usaili wa Zoom unakuwaje, halafu mwishoni kabisa, kama vile ni kajambo kadogo, ukaandika kwamba wakala wako kakushauri uongeze kipande cha watoto wanaookota dagaa zilizomwagika pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, na kinanda cha huzuni juu yake, "kwa sababu wakaguzi wanaguswa". Hayo mengine yatasubiri. Hilo la mwisho limenitoa kitandani.

Mimi kinanda nilikiweka. Nakijua kinavyolia na nakijua kinavyomaliza mtu.

Nilikuwa naomba MFA, yaani uzamili wa sanaa, ya uongozaji wa filamu Marekani, chuo sikitaji, hawana kosa. Nimemaliza digrii, napiga video za harusi na sendofu, nina kamera yangu na droni, najiona nimebakiza koti tu niwe mwongozaji. Rafiki akanipeleka kwa jamaa mmoja mjini mwenye ofisi ghorofani, mezani vibendera sita kama yuko Umoja wa Mataifa. Anajiita mshauri wa vyuo vya nje. Hajawahi kuomba chuo cha filamu maisha yake yote, lakini hilo nililijua baadaye, baada ya kumpa milioni moja na laki nane. Droni niliuza. Hadi leo nikisikia inavuma juu ya harusi ya mtu naangalia chini.

Huyo bwana akaniambia, nanukuu maana yameniganda: "Dogo una bahati umezaliwa Mwanza. Mwanza wazungu tayari wanaijua." Alikuwa anaisema Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ile ya 2004 iliyopigwa hapa hapa kuhusu sangara, ikafika kuwania Oscar 2006. Wakubwa humu mnaukumbuka ule mtafaruku: Rais Kikwete aliilaumu hadharani mwaka huo huo, na mapanki, yale mabaki ya sangara minofu ikishatolewa, yakatoka sokoni yakaingia magazetini. Sasa mtu mwenye akili angeona kwamba hiyo filamu imeshatengenezwa, na wanaoketi kwenye jopo la chuo cha filamu huenda wameshaiona. Mshauri wangu yeye aliona ramani. "Wape hiyo hiyo, fupi. Mtu anayecheka hapewi nafasi." Nami nikaandika kwenye daftari! Nikapigia mstari!

Nikaenda Mwaloni siku tatu. Lenzi ndefu, nimejibanza nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa kama mpiga chabo. Nikampata mama mmoja katikati ya dagaa zilizotandazwa juu ya nyavu kuukuu, jua linachoma, kanga imepauka, yuko pekupeku. Nikasema huyu ndiye. Miguu yake nimeipiga peke yake sekunde kumi na moja. Aliponiona akaweka mkono mbele ya uso, akasema kitu, akageuka. Nyumbani nikaitoa sauti yote nikaweka kinanda, na maandishi meupe chini: "Mjane. Anaishi kwa mabaki ya ziwa."

Nani aliniambia ni mjane? Hakuna. Kanga ilikuwa na sura ya ujane. Cheka tu mkuu, mimi nilishamaliza kulia.

Na kinachouma ni kwamba nikaitwa usaili. Mchujo nilipita. Wakala akanipongeza, akadai laki mbili nyingine za "maandalizi", nikapewa karatasi moja ya maswali: kwa nini unapenda filamu, unajiona wapi baada ya miaka mitano. Hakuna hata moja lililoulizwa.

Kwenye Zoom walikuwa watatu. Dakika tano za kwanza salamu na hali ya hewa. Kisha mama mmoja mwenye miwani akaweka filamu yangu kwenye skrini, akaisogeza, akaisimamisha. Akasema: naona wanaume wanne wanamjia huyu mama, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja anasimama, anamwambia kitu, naye anaandika kwenye daftari. Anaandika nini?

Mkuu, filamu ile nimeihariri wiki tatu. Nimebadilisha rangi ya anga mara tisa. Hilo daftari sikuwahi kuliona! Lipo pale katikati ya picha, jalada la bluu, kalamu imefungwa kwa uzi. Mtu yuko ng'ambo, Kiswahili hajui, dagaa hajawahi kula, kaliona. Mimi nilikuwa nimekazana na miguu.

Nikasema labda ni madeni. Akauliza: yeye anawadai, au wao wanamdai? Kimya. Anaitwa nani? Kimya. Na hapa anapofunika uso, alikuwa anasema nini?

Hilo jibu nilikuwa nalo. Sauti halisi ninayo hadi leo. Alisema: "Wewe mtoto, njoo mbele uulize kama una adabu." Lakini pale hakuna ajuaye Kiswahili, si ndiyo? Nikawajibu kwamba alikuwa anaomba msaada.

Yule mama akavua miwani, akaandika kitu kifupi. Kwetu umeme ulikuwa unakatika kila jioni wiki ile. Jioni ile haukukatika. Usaili wa dakika thelathini ukaisha dakika ya kumi na saba, wakanishukuru kwa muda wangu.

Barua ya kukataliwa ilikuwa mistari miwili. Yule bwana wa vibendera nilipompelekea akaniambia tatizo ni kwamba huzuni haikutosha, na awamu ya pili ananipunguzia bei. Nilishuka ngazi bila kuaga, na mimi ni Msukuma niliyelelewa vizuri, huwa naaga hata mbuzi.

Miezi miwili baadaye nikarudi Mwaloni na laptopu. Sikuwa na mpango wowote, nilitaka tu kujua la daftari. Nikamkuta. Nikamwamkia, nikajieleza, nikamwonyesha filamu yote. Alipofika kwenye maandishi akaniambia nimsomee kwa sauti. Nikasoma. Akaita wenzake. Nikasoma tena. "Mjane? Si huyo hapo anakunywa chai!" Mumewe akainua kikombe.

Basi mkuu, yule mama ana mitumbwi mitatu. Wale wanaume wanne wanamfanyia kazi yeye, walikuwa wanamtajia ndoo za usiku ule, na daftari ndilo linalosema nani analipwa kiasi gani. Na yuko pekupeku kwa sababu dagaa zikiwa zimetandazwa hakuna anayezikanyaga na viatu. "Hata wewe ukiingia na hivyo viatu nakutoa." Mimi ndiye niliyekuwa na viatu, na deni la wakala.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na nitairudia hadi mniripoti: kabla hujabonyeza kutuma, mketishe mtu uliyempiga picha, aione filamu yote mbele yako, sauti ikiwa wazi. Usimtumie kwa simu akaitazame baadaye. Mbele yako, umwone usoni. Pale atakapokukatiza ndipo filamu yako ilipo. Mimi alinikatiza mara sita ndani ya dakika nne.

Wewe hao watoto unawajua majina? Wanaokota za kula, za kuuza, au mama zao wako hatua kumi pembeni wanaanika na wao wamemaliza shule wanazurura? Nani mzazi aliyekuruhusu? Jopo litauliza hayo, na Kiingereza kizuri hakitakuokoa, mimi nilikuwa nacho.

Mwaka uliofuata nilipiga nyingine, dakika saba, daftari tu. Alfajiri moja, giza la mwezi, mitumbwi inarudi na taa zake, ndoo zinahesabiwa, kisha saa nne mvua inashuka dagaa zikiwa bado mbichi chini na mzigo wote unaishia kwa wanunuzi wa chakula cha kuku. Anavyofuta zile namba kwenye daftari na kuandika upya, sikuhitaji kinanda. Nikaomba sehemu mbili. Moja ilinikataa bila usaili. Nyingine usaili ulikwenda dakika arobaini, karibu zote tunabishana kuhusu mgawo wa ndoo, na nafasi nikapata. Ufadhili sikupata. Kwa hiyo ndiyo, anayekushauri bado anapiga harusi Igoma, najua mtaniuliza.

Mengine uliyouliza, haraka. Saa: wakikupangia saa nne asubuhi ya New York, kwetu ni saa kumi na mbili jioni, lakini kuanzia Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza saa mbele, inakuwa saa kumi na moja. Nenda mahali penye jenereta. Ufadhili: Chevening, ule wa serikali ya Uingereza, hulipia uzamili wa mwaka mmoja, na kozi nyingi za filamu ni miwili au mitatu, hivyo usiitegemee kichwa kichwa. Kama unataka filamu za makala, za maisha halisi, tazama kozi ya DocNomads, miaka miwili, Lisbon, Budapest na Brussels, iko chini ya Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya, na wenye ufadhili wao hupata euro 1,400 kwa mwezi bila kulipa ada. Barua za wadhamini omba mapema, wahadhiri wetu unawajua. Kulikuwa na swali jingine la IELTS, nimelisahau, wadau watakujibu.

Kesho jioni hao watoto watakuwepo pale tena. Nenda na laptopu, uwaonyeshe, na mama zao waone. Ukitaka kampani niandikie leo, maana Jumamosi sipo, nina harusi. Na ukiingia kwenye dagaa, vua viatu.