Mume kastaafu jeshi, hapati usingizi bila pombe: msitibu pombe peke yake

Dada, umeuliza kama umrudishe mumeo kwenye kile kituo walichosema aache pombe kwanza, mambo ya vita yataongelewa baadaye. Nina kaka aliyekwenda Kongo na ile brigedi ya MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, iliyoundwa 2013, ya wanajeshi wa kwetu Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na aliporudi nikaishi naye. Kwa masharti hayo, usimrudishe.

Angalia anakunywa saa ngapi. Kaka mchana kutwa alikuwa haonji, anaranda mbao zake na kutaniana na wateja. Ikikaribia magharibi ndipo anaanza kuulizia gongo. Alikuwa anaogopa kulala. Akilala mkavu anashtuka usiku wa manane, jasho limemlowesha, mkono uko kwenye panga aliloliweka chini ya godoro. Tarehe 7 Desemba 2017, waliposhambuliwa wenzake kwenye kambi ya Semuliki huko Kongo na kuuawa wanajeshi wetu wasiopungua 14, yeye alikuwa kesharudi nyumbani. Lakini baadhi yao aliwajua, na tangu siku hiyo hali ikazidi. Mtu wa namna hii ukimnyang'anya pombe bila kumpa cha kumvusha usiku, atairudia tu.

Halafu asiache ghafla akiwa nyumbani, wala mahali pasipo na daktari. Kaka alifungiwa kwenye nyumba moja ya kuachisha ulevi. Siku ya pili akaanguka kifafa, kisha akawa anaona watu ukutani na kuwapigia amri. Msimamizi akasema ni mapepo! Tukamkimbiza hospitali ya mkoa, wakampa diazepam, dawa ya kutuliza, ya kupunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Mnywaji wa miaka mingi anaweza kufa kwa kuachishwa kavukavu. Hiyo diazepam ni ya siku chache chini ya uangalizi, usimnunulie duka la dawa ili alale, utamwongezea ulevi wa pili.

Hapo hospitali muuguzi wa afya ya akili alimuuliza, "Usiku unaota nini?" Kumbe hakuna aliyewahi kumuuliza. Wakamwanzishia sertraline, dawa ya sonona na ya majeraha ya akili kama haya, ambayo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na vikao vya kusimulia tukio lilelile kwa utaratibu mpaka likapungua makali. Pombe ikatibiwa humohumo. Aliteleza akanywa tena, hawakumfukuza. Ninyi nyumbani msimchimbe asimulie, hiyo ni kazi ya mtaalamu. Wakwe wakitaka dua, waombe, ila dawa isikatishwe.

Kama kuna panga au silaha yoyote chumbani, itoe leo. Na akisema afadhali afe, usiseme ni pombe inaongea, mpeleke hospitali usiku huohuo.

Kuhusu mahali, kuna Muhimbili, Mirembe kule Dodoma, na Lugalo kwa watu wa jeshi. Akiona aibu kukutana na wenzake Lugalo, kama kaka alivyoona, atibiwe uraiani. Popote mtakapokwenda, uliza kabla ya kulipa: akianza kutetemeka usiku, nani mwenye taaluma atakuwepo? Na ndoto zake zitaanza kushughulikiwa lini? Wakikujibu "akishaacha kabisa", chukua mtu wako muondoke.