Idadi ya Watu na Barabara Katika Kijiji Kidogo cha India

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaposoma maelezo ya vijiji vidogo vya India hukuta idadi ya watu imetajwa hadi mtu wa mwisho, tuseme 637, lakini kuhusu usafiri huelezwa tu kwamba basi linapatikana umbali wa "kilomita 5 hadi 10". Kwa nini watu wahesabiwe hivyo na basi likisiwe? Je, idadi hiyo husaidia kijiji kupata barabara?

JIBU: Takwimu zote mbili hutoka katika sensa. Ya mwisho kukamilika ni ya 2011, ambayo ilihesabu watu wapatao bilioni 1.21, zaidi ya theluthi mbili yao wakiwa wakazi wa vijijini. Sensa ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya UVIKO-19 na sasa imepangwa kukamilika 2027, kwa hiyo huenda watu 637 unaowasoma ni wa 2011. Aliyeandikwa akiwa mtoto mchanga wakati ule leo ni kijana.

Watu huhesabiwa na karani anayepita kaya kwa kaya. Huduma, kwa upande wake, hujazwa kwa kijiji kizima, na pale ambapo huduma haipo, umbali wa kuifuata huwekwa katika makundi yenye herufi: a ni chini ya kilomita 5, b ni kilomita 5 hadi 10, na c ni zaidi ya hapo. Basi halikukisiwa, ila limewekwa katika kundi, ingawa kwa mama anayembeba mtoto mgonjwa, kilomita 5 na kilomita 10 si safari moja.

Ama kuhusu barabara, idadi ya watu ina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mpango wa taifa wa barabara za vijijini, Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, uliozinduliwa tarehe 25 Desemba 2000, ulilenga kufikisha barabara inayopitika majira yote kwenye makazi yenye watu 500 au zaidi katika maeneo ya tambarare, na 250 au zaidi katika majimbo ya milimani, jangwani na maeneo ya makabila. Zingatia kwamba kinachopimwa hapa ni makazi, wala si kijiji cha sensa, ambacho ni eneo la ardhi lenye mipaka na huweza kuwa na vitongoji kadhaa. Chukulia kwamba watu wako 637 wamegawanyika katika vitongoji vitatu vyenye watu 300, 220 na 117. Vikiwa karibu karibu, ndani ya mita 500 kwa tambarare, huhesabiwa pamoja na kuvuka kiwango. Vikiwa mbali mbali, hakuna hata kimoja kinachofikia 500, ijapokuwa kijiji kwenye karatasi kimepita.

Hata hivyo, lami haiji na basi. Mwenye basi hutafuta abiria, na kijiji kidogo hakimjazii viti, ndiyo maana sehemu nyingi watu hutegemea bajaji na jeep za kuchangia, ambazo haziondoki mpaka zijae. Uchunguzi wa wanauchumi Sam Asher na Paul Novosad, uliochapishwa 2020, ulionyesha kwamba badiliko kubwa baada ya barabara hizo lilikuwa wafanyakazi kuacha kilimo na kushika kazi nyingine, huku mavuno na kipato vikibadilika kidogo tu. Mimi sioni ajabu: barabara humfikisha mtu kwenye kibarua mapema kuliko inavyoongeza magunia shambani.

Jimbo la Bihar, kwa wanafunzi, lilipita njia nyingine. Kuanzia 2006 lilitoa fedha za kununulia baiskeli kwa wasichana wanaoingia darasa la tisa, na uandikishaji wao ukapanda, hasa katika vijiji vilivyo kilomita 3 au zaidi kutoka shule ya sekondari.