Rekoda ya rili inasuasua

SWALI: Nimerithi rekoda ya zamani ya kubeba, ile ya rili mbili, nikiwasha mota inaunguruma ila sauti inayumba kama mlevi. Ninunue mota nyingine?

JIBU: Mota iache kwanza ndugu yangu, fungua mfuniko uangalie belti ya mpira, ukiigusa ikaganda vidoleni kama lami basi mchawi ndo huyo. Ikwangue yote, futa puli, vile vigurudumu belti inapopita, kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke kisafi ndo uvishe mpya ya kipimo kilekile. Hedi nazo, vile vichwa vinavyosoma mkanda wa sauti, zifute, ule uchafu wa kahawia ni unga wa mkanda huo wenyewe. Halafu cheki spidi, mkanda uliorekodiwa sentimita 9.5 kwa sekunde ukiupiga kwa 19 watu wote wanaongea kama vifaranga, mi huwa nacheka peke yangu.