Habari Niliipata Mapema, Uamuzi Ukachelewa

Jumanne ya tarehe 23 Machi 2021 nilikuwa miongoni mwa watu wa kwanza ofisini kwetu kujua kwamba meli ya Ever Given imekwama katika Mfereji wa Suez. Niliona kwenye ramani ya meli: vile vipembetatu vidogo vinavyoonyesha meli vilianza kurundikana kusini mwa mfereji kama siafu waliowekewa kijiti njiani. Nikapiga picha ya skrini, nikairusha kwenye kundi la wakuu wa idara. Mmoja akajibu kwa kikatuni cha mshangao, mwingine akaandika "Duh!", wa tatu akauliza meli yenyewe ina urefu gani. Nikamjibu, mita 400. Nikajiona nimemaliza kazi yangu.

Makontena yetu matatu ya vipuri yalikuwa kwenye meli nyingine, iliyokuja kukwama katika foleni ile ile. Kikao cha kuamua kama tuagize vipuri vya dharura kwa ndege kilikaa Ijumaa. Kufikia Ijumaa nafasi ya ndege iliyokuwapo Jumanne ilikuwa imeshachukuliwa, na iliyobaki ilikuwa na bei ambayo mkuu wa fedha aliisoma mara mbili, kisha akavua miwani. Ever Given ilinasuliwa Jumatatu tarehe 29. Lakini meli zaidi ya 400 zilikuwa zikisubiri kupita, na zilipoachiliwa zikaenda kujazana kwenye bandari za mbele. Mzigo wetu ulichelewa wiki tatu kwa sababu ya kizuizi cha siku sita.

Habari niliipata ndani ya saa chache, lakini haikuwa na mtu wa kuipokea. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue huduma gani ya taarifa za papo kwa papo, huwa namjibu kwa swali: ikifika saa nane usiku, nani ataamka, na ana ruhusa ya kufanya nini?

Kuna kisa cha zamani kinachonifariji kwamba hatukuwa wajinga peke yetu. Machi 2000 radi ilisababisha moto mdogo kwenye kiwanda cha Philips cha vipande vya kielektroniki kule Albuquerque, Marekani. Moto ulizimwa upesi, ila moshi na maji viliharibu vyumba ambavyo hata chembe ya vumbi haitakiwi kuingia. Wateja wawili wakubwa waliotegemea vipande hivyo kwa simu zao, Nokia na Ericsson, walipewa taarifa ile ile siku zile zile: tutachelewa kama wiki moja. Nokia waliviweka vipande hivyo kwenye orodha ya kufuatiliwa kila siku, wakapandisha suala hadi juu, wakawahi kujihakikishia uzalishaji wa viwanda vingine kabla hali haijajulikana vizuri. Ericsson walisubiri. Wiki moja ikageuka miezi, na Ericsson wakapoteza takriban dola milioni 400 za mauzo. Hakuna aliyemzidi mwenzake kwa kasi ya kupata habari.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao wauza programu hawaupendi, ni kwamba uanze na maamuzi kabla ya taarifa. Chukua daftari. Andika maamuzi kumi ambayo biashara yako inaweza kulazimika kuyafanya kwa haraka: kubadili njia ya mzigo, kununua kwa muuzaji wa pili, kununua dola mapema, kusimamisha malipo kwa mteja aliyewekewa vikwazo, kuwarudisha wafanyakazi walio safarini. Mbele ya kila uamuzi andika dalili gani itakayouamsha, nani mwenye neno la mwisho, naibu wake ni nani akiwa ndani ya ndege, anaweza kutumia kiasi gani bila kuomba kibali, na muda gani ukipita uamuzi huo hauna maana tena.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyotugharimu mjadala mrefu kuliko zote. Watu wengi hujua wanachotaka kufanya. Hawajui mlango unafungwa saa ngapi. Tulipokaa kuhesabu, tuligundua kwamba nafasi ya ndege ya mizigo baada ya tukio kubwa huanza kuisha ndani ya siku moja au mbili, ilhali kubadili bandari ya kushushia mzigo kunawezekana hadi siku kadhaa kabla ya meli kufika, mradi wakala aambiwe mapema. Kikao cha kila Ijumaa kinaweza kuhudumia uamuzi wa pili. Wa kwanza hakiwezi hata kidogo. Mkuu wetu wa fedha alikubali, baada ya kunung'unika sana, kutenga kiasi ambacho mtu wa ununuzi angeweza kukitumia usiku bila kumpigia simu. Kilikuwa kidogo, lakini kilitosha.

Na usisahau yule aliye mwisho wa mstari. Usiku wa tarehe 26 Machi 2024, meli ya Dali ilipokatikiwa umeme na kuelekea kwenye nguzo ya daraja la Francis Scott Key huko Baltimore, wito wa dharura kutoka melini uliwafikia polisi na magari yakazuiwa pande zote mbili ndani ya muda mfupi mno. Hilo liliokoa maisha. Lakini onyo halikuwafikia kwa wakati mafundi waliokuwa wakikarabati barabara juu ya daraja lenyewe, na sita kati yao wakafa. Sithubutu kulinganisha kontena na roho ya mtu. Nalitaja kwa sababu lilinifanya nipitie upya orodha yetu ya mawasiliano, nikakuta dereva na mlinzi wa ghala, watu ambao wangekuwa mahali penyewe, hawamo. Wakuu wote walikuwamo, wengine kwa namba mbili mbili.

Sasa twende kwenye kitu cha kufuatilia. Hapa wengi wanaanza na ramani ya dunia, wanawasha arifa za vita, mafuriko na uchaguzi wa kila mahali. Mimi nilifanya hivyo. Niliweka maneno muhimu arobaini, simu ikawa inalia kama kengele ya baiskeli sokoni, na baada ya wiki mbili nikaizima sauti. Arifa niliyoihitaji, ya mgomo kwenye bandari tuliyokuwa tukipitishia mzigo, iliingia siku ya tatu baada ya hapo. Niliisoma jioni.

Anza na unachokitegemea. Na uchimbe zaidi ya muuzaji wako, maana hatari mara nyingi imejificha kwa muuzaji wa muuzaji. Tulikuwa na wauzaji wawili wa kifaa kimoja, katika nchi mbili tofauti, na tulijivunia hilo kwenye kila taarifa kwa bodi. Siku moja wote wawili waliandika barua pepe za kuomba radhi kwa ucheleweshaji, zikapishana kwa saa tatu. Wote walikuwa wakinunua kiungo kimoja kutoka kiwanda kimoja. Baada ya tetemeko la Japani la tarehe 11 Machi 2011, watengenezaji wa magari waligundua jambo hilo hilo kwa kishindo kikubwa zaidi: kiwanda cha vipande vya kielektroniki cha Renesas huko Naka kiliposimama, kampuni zilizodhani zina wauzaji wengi zilikuta chini kabisa kuna mlango mmoja. Siku hizi naandika swali hilo kwenye mkataba: kiungo hiki mnakitoa wapi, na likitokea la kutokea mtatuambia baada ya saa ngapi? Wengine hukataa kujibu nusu ya kwanza. Nusu ya pili karibu wote huikubali.

Ukishajua unachokitegemea, vyanzo vinajichagua. Vingi ni vya bure, na ningependa uvimalize hivyo kabla hujalipia chochote. Kwa matetemeko ipo idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, inayoyaweka wazi ndani ya dakika chache. Kwa majanga ya asili kwa ujumla upo mfumo wa GDACS, unaoendeshwa kwa ushirikiano wa Umoja wa Mataifa na Tume ya Ulaya, unaopanga matukio kwa rangi ya kijani, chungwa na nyekundu. Kwa usalama wa meli zipo taarifa za UKMTO, kituo cha Uingereza cha usalama wa meli za biashara. Bandari na benki kuu zina matangazo yao. Na yupo wakala wako wa mizigo, ambaye akikupenda atakupigia simu kabla ya hao wote. Mtunze.

Halafu jifunze kila chanzo kinakosea wapi. Mfumo wa AIS, ambao sheria ya kimataifa inazitaka meli za kuanzia tani 300 zifanyazo safari za kimataifa ziwe nao, hurusha mahali meli ilipo kila baada ya sekunde chache ikiwa mwendoni. Sehemu hiyo hutokana na setilaiti za GPS. Lakini bandari iendako na siku ya kufika huandikwa kwa mkono na mtu aliye melini, ambaye anaweza kukosea, kusahau au kuwahi. Niliwahi kumtoa mkurugenzi kwenye mkutano nikimwambia meli yetu imebadili safari. Haikuwa imebadili kitu: ofisa mmoja melini alikuwa ameshaandika bandari ya safari inayofuata. Mkurugenzi hakusema neno, akarudi mkutanoni. Ningependelea angenifokea.

Kanuni niliyoitoa hapo ni ya visima viwili: sihamishi fedha nyingi kwa habari ya kisima kimoja, na nahakikisha cha pili hakichoti maji kwenye cha kwanza. Tovuti kumi zilizonakili ujumbe mmoja ni kisima kimoja. Tarehe 23 Aprili 2013 akaunti ya Twitter ya shirika la habari la Associated Press ilidukuliwa, ikatangaza kwamba Ikulu ya Marekani imelipuliwa na Rais Obama amejeruhiwa. Kipimo cha bei za hisa cha Dow Jones kikaporomoka zaidi ya pointi 140, kisha kikarudi ndani ya dakika chache. Waliouza katika dakika zile walikuwa na taarifa ya papo kwa papo, tena kutoka kwa jina la kuaminika.

Jambo dogo lakini limeshaniumiza: saa. Andikeni saa zote kwa UTC, yaani saa moja ya pamoja ya dunia nzima, kwa tarakimu nne. Sisi ambao "saa nne" kwetu ni 10:00 kwa wengine hatuhitaji kuelezwa zaidi. Na programu za akili bandia zinazofupisha habari, ambazo nazitumia na kuzishukuru, zina tabia ya kumeza tarehe, ukajikuta unahangaikia dhoruba iliyopita juzi.

Kuhusu arifa, tulizigawa mafungu matatu: inayomwamsha mtu, inayosomwa asubuhi, na inayosubiri Ijumaa. Sharti la kuingia fungu la kwanza ni moja: lazima kuwe na mstari wake kwenye daftari la maamuzi. Kama hakuna cha kufanya usiku, mtu alale. Kila mwisho wa mwezi tunahesabu arifa ngapi zilimwamsha mtu na ngapi zilifuatiwa na kitendo. Zisizofuatiwa na kitendo miezi mitatu mfululizo zinashushwa.

Zipo hatari ambazo kasi haizisaidii hata kidogo, na ni vizuri kuzijua usije ukatupa fedha. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliondoa ghafla kikomo cha faranga 1.20 kwa yuro moja. Sarafu ikaruka ndani ya dakika, na hata waliokuwa wameketi mbele ya skrini hawakupata bei waliyoitaka. Kilichosaidia ni kutokuwa na deni kubwa la faranga siku ya kabla. Upande mwingine kuna hatari zinazotambaa. Ukame wa mwaka 2023 ulipunguza kina cha Ziwa Gatun, linaloupa maji Mfereji wa Panama, na nafasi za meli kupita mfereji huo zikashuka kutoka takriban 36 kwa siku hadi 22 mwezi Desemba. Kina cha ziwa lile hutangazwa hadharani. Hilo halikuhitaji arifa ya usiku, lilihitaji mtu wa kulitazama kila Ijumaa na kuchora mstari.

Daftari letu lilijaribiwa kweli kweli Desemba 2023. Meli ya Galaxy Leader ilikuwa imetekwa katika Bahari ya Shamu tarehe 19 Novemba, na mstari unaohusu njia hiyo tulikuwa tumeshaupandisha kutoka fungu la Ijumaa hadi la asubuhi, kisha la usiku. Kwenye ramani baadhi ya meli zilianza kuandika, pale panapokaa jina la bandari, kwamba zina walinzi wenye silaha. Ijumaa tarehe 15 Desemba, Maersk na Hapag-Lloyd waliposimamisha safari za kupitia huko, uamuzi wetu ulichukua dakika arobaini. Tulibana nafasi ya ndege kwa vipuri vya aina nne, tukawaandikia wateja wawili kwamba mzigo wao utazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na tukaongeza siku kumi hadi kumi na nne kwenye kila tarehe.

Vipuri vya aina tatu tulivihitaji. Ya nne ilikuwa na akiba ya kutosha ghalani, ila hakuna aliyekuwa ameuliza ghala, kwa hiyo tulilipia ndege bure. Sasa daftari lina safu ya sita, namba ya simu ya mtunza ghala, na yeye ndiye wa kwanza kupigiwa.