Maswali ya Wasomaji: Gitaa Kongwe la Jazi, Tazama Shingo Kwanza

SWALI: Mwandishi wa safu hii, salaam. Nimepiga gitaa la kawaida kwa miaka mingi, na sasa nalitamani gitaa la jazi la aina ya achitopu, lile lenye uso uliobinuka na matundu mawili yenye umbo la herufi f. Nimeonyeshwa moja ambalo muuzaji anasema lilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1930. Vanishi yake imejaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na fundi aliyelitazama amesema kwamba shingo imelala kidogo. Je, ninunue?

JIBU: Ndugu msomaji, kasoro mbili ulizozitaja hazina uzito sawa. Nyufa za vanishi zisikunyime usingizi. Magitaa mengi ya enzi hizo yalipakwa vanishi ya nitroselulosi, ambayo hukauka na kuwa ngumu kadiri miaka inavyopita, kisha hupasuka gitaa linapotolewa penye baridi na kuingizwa ghafla penye joto. Mti ulio chini yake kwa kawaida huwa mzima, na mimi binafsi nyufa hizo huniambia kwamba huenda vanishi ni ile ya awali. Shingo iliyolala, yaani ile ambayo pembe yake na mwili imebadilika, ndiyo habari yenyewe.

Katika gitaa la aina hii daraja, kile kipande cha mti kinachoziinua nyuzi juu ya uso, halikugundishwa. Limekaa juu ya uso kwa kushikiliwa na mkazo wa nyuzi peke yake, kama lilivyo daraja la fidla, na nyuzi huendelea hadi kwenye kishikio kilichofungwa mkiani. Kwa hiyo nyuzi huivuta ncha ya shingo mbele na wakati huohuo hulikandamiza daraja chini, mchana na usiku, kwa zaidi ya miaka themanini. Mahali pa kushindwa ni pawili: kiungo cha shingo na mwili, na uso ulio chini ya daraja.

Kiungo unaweza kukipima mwenyewe. Laza rula ndefu iliyonyooka juu ya ubao wa vidole, uielekeze kwenye daraja: katika gitaa lenye afya ncha ya rula hufika karibu na kilele cha daraja, na ikigonga chini kabisa, pembe ya shingo imeharibika. Tazama pia skrubu mbili za kupandisha na kushusha daraja. Zikiwa zimeshushwa hadi mwisho na nyuzi bado ziko juu mno kwa vidole vyako, aliyelimiliki kabla yako amekwisha kutumia nafasi yote iliyokuwapo. Tiba ipo: fundi hulainisha gundi ya zamani kwa mvuke, huing'oa shingo, hukichonga kidogo kisigino chake, pale inapokutana na mwili, kisha huirudisha. Ni kazi ya mikono yenye uzoefu, nayo si ya bei rahisi. Muulize fundi gharama yake kabla ya kujadiliana na muuzaji, kisha uipunguze katika bei.

Usichanganye kasoro hiyo na shingo iliyopinda katikati kama upinde. Hiyo ya pili hunyooshwa kwa ufito wa chuma uliomo ndani ya shingo, ambao Gibson, kampuni ya magitaa ya Marekani, walianza kuutumia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mwombe muuzaji amruhusu fundi aijaribu nati ya ufito huo. Ikiwa imekazwa hadi mwisho na shingo bado imepinda, ni afadhali uliache gitaa hilo.

Kisha lishike gitaa usawa wa macho, mwanga ukitoka upande wa pili, uone kama uso umebonyea chini ya daraja. Tia tochi na kioo kidogo kupitia tundu la f, uikague mihimili iliyogundishwa ndani ya uso, na ugonge uso kwa kifundo cha kidole, kwa sababu mhimili ulioachia hutoa mlio wa kutetema. Ufa uliofuata mishipa ya mti na ukazibwa vizuri hupunguza bei, lakini sauti inaweza kubaki nzuri vilevile.

Ukiwa hapo, chunguza ukingo wa tundu la f. Mistari ya mti ikipita mfululizo katika unene wote, uso huo ni wa mbao halisi ya sprusi (mti wa jamii ya msonobari) isiyo na tabaka, uliochongwa au ulioshindiliwa kwa joto ukapata mbinuko. Ukiona tabaka zilizopandana, ni plaiwudi. Muuzaji anayekutajia uso wa kuchonga huku ukingo ukionyesha tabaka hapaswi kuaminiwa kwa neno jingine lolote. Hata hivyo plaiwudi si aibu: Gibson ES-175, iliyotoka mwaka 1949, iliundwa hivyo, na uso wake mgumu husaidia kuzuia mvumo unaozuka amplifaya inapoongezwa sauti. Mpiga gitaa wa jazi Joe Pass alilipiga gitaa hilo kwa miaka mingi.

Kuhusu jina kichwani, naelewa mvuto wake. Gibson L-5 ya mwaka 1922, iliyotokana na kazi ya Lloyd Loar, mbunifu wa kampuni hiyo, ndiyo iliyoleta matundu ya f katika gitaa la namna hii, na John D'Angelico, aliyefungua karakana yake New York mwaka 1932, alitengeneza magitaa ambayo wapigaji bado wanayataja kwa heshima. Lakini wewe unanunua ili upige. Gitaa la jina dogo lenye shingo nzima nitalichagua mbele ya lenye jina kubwa lisilopigika, na vigingi vya kukazia nyuzi vilivyobadilishwa, vinavyomkimbiza mkusanyaji wa vitu vya kale, kwako ni nafuu. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, mradi rula, ufito na bei iliyopunguzwa vikubaliane.

SWALI: Ninayo achitopu ya zamani isiyo na umeme, na wenzangu katika bendi wananishauri niutoboe uso ili niweke pikapu, kile kifaa cha sumaku kinachonasa mlio wa nyuzi. Nifanye hivyo? Na nitumie nyuzi gani?

JIBU: Nakusihi usiutoboe. Uso ule ulichongwa unene wake ukitofautiana kutoka katikati hadi pembeni ili utetemeke kwa namna fulani, na tundu likishakatwa halirudi. Zipo pikapu zinazoelea, ambazo hufungwa kwenye ncha ya ubao wa vidole au kwenye kile kibao cha kukinga vidole, bila kuugusa uso. Siku ukizichoka unazitoa na gitaa linabaki kama lilivyokuwa. Charlie Christian, aliyewafanya watu wengi walisikie gitaa la umeme katika jazi, alipiga Gibson ES-150 ya mwaka 1936, ambayo ilitoka kiwandani ikiwa na pikapu yake.

Nyuzi zifuate matumizi. Shaba nyekundu iliyochanganywa na bati hulia vizuri bila umeme, lakini sumaku ya pikapu haiishiki vya kutosha, kwa hiyo ukiweka pikapu hamia nyuzi za nikeli. Zile zilizozungushiwa utepe bapa hutoa sauti nene na tulivu, na vidole havikwaruzi vinapoteleza. Anza na seti ambayo uzi wake mwembamba una unene wa sehemu 12 za elfu za inchi, kwa kuwa uso wa kuchonga huhitaji nguvu ili uamke. Kama unataka kusikia kinachowezekana bila amplifaya, msikilize Freddie Green, aliyeshika mdundo katika bendi ya Count Basie tangu mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1987: nyuzi zake zilikuwa juu sana, akodi zake zilikuwa na noti chache, na bendi nzima ilimwegemea.

Badilisha uzi mmoja mmoja. Ukizitoa zote kwa pamoja daraja litahama, na utalazimika kulitafutia mahali pake upya kwa kulisogeza mpaka noti ya uzi uliobanwa kwenye freti ya 12 (kijichuma cha 12 cha ubao wa vidole) ilingane na mlio wa uzi ulioguswa kidogo tu hapohapo bila kubanwa.

SWALI: Nimepata achitopu inayouzwa nje ya nchi. Kuna la kuangalia?

JIBU: Uliza kwa maandishi ubao wa vidole na daraja ni vya mti gani. Rosewood ya Brazil, mti mgumu wa rangi nyeusi-nyekundu, imo katika Kiambatisho cha Kwanza, chenye masharti makali zaidi, cha mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 1992, na gitaa lenye kipande chake linaweza kuzuiwa mpakani likikosa vibali. Nyuzi zilegezwe kiasi kabla ya safari, na kasha la gitaa likifika liache limefungwa kwa saa kadhaa ili vanishi isikutane na joto jipya kwa ghafla. Ukishalifungua, linuse: harufu kali ya asidi ni dalili kwamba kibao cha kukinga vidole, kikiwa cha seluloidi, kimeanza kuoza, na mvuke wake hula vyuma vilivyo karibu. Kitoe siku hiyohiyo, na ukiweke mbali na gitaa.