Kwa nini Xbox inadoda Japani: niliyoyaona nikiuza gemu za mtumba Osaka

Mkuu uliyeuliza kwa nini Xbox za mtumba (mashine ya gemu ya Microsoft) ni bei chee Japani na kama zina ubovu uliofichwa: hazina. Bei iko chini kwa sababu wanunuzi hakuna. Nimesoma Osaka, na jioni nilikuwa nafanya kibarua kwenye duka la gemu za mtumba, kwa hiyo naongea niliyoyaona kaunta. Ila kabla hujatuma hela: umeme wa Japani ni volti 100, na adapta ya Xbox 360 ya kule mwisho wake ni volti 127. Ukiichomeka kwenye 230 za Tanesco umeiua. Tafuta adapta ya Uingereza.

Wengi humu mmesema ni uzalendo, eti Mjapani hanunui cha mgeni. Sikubaliani. Mjapani huyohuyo mfukoni ana iPhone, tena Japani ni kati ya nchi ambazo iPhone imeshika soko kwelikweli. Cha mgeni kikimfaa, ananunua.

Pale dukani mteja hakuwa anaulizia mashine. Alikuwa anaulizia gemu: Dragon Quest mpya imetoka? Ya Monster Hunter mnayo? Mashine inafuata baadaye, kama kwenye vibanda vyetu vya PS, mtu analipia mechi na hajali ndani kuna chipu gani. Sasa Xbox iliingia Februari 2002, Bill Gates mwenyewe akiwa Tokyo kuizindua, na jina lake kubwa lilikuwa Halo, gemu ya kupiga risasi unayoiona kwa macho ya mpigaji. Wateja kadhaa waliniambia wazi kwamba gemu za aina hiyo zinawapa kizunguzungu. Juu ya hapo, mwanzoni kabisa wanunuzi wa Japani walilalamika kuwa mashine inakwaruza diski. Jina likaanza vibaya.

Microsoft hawakulala, tuwe wakweli. Kwa Xbox 360, toleo la pili, walimfuata Hironobu Sakaguchi, muasisi wa Final Fantasy, naye akawatolea Blue Dragon mwaka 2006 na Lost Odyssey mwaka uliofuata. Mashine ikasogea, ikafika kama milioni 1.6 Japani, na hakuna Xbox nyingine iliyofika hapo kule. Halafu ikaja Tales of Vesperia mwaka 2008, kwenye 360 tu. Watu wakanunua mashine kwa ajili yake. Mwaka mmoja baadaye ikatoka ya PS3, mashine ya mpinzani wao Sony, ikiwa na mhusika mpya na mambo ya ziada kibao. Jiweke kwenye nafasi ya yule aliyewahi kununua! Mteja mmoja aliniletea 360 yake na diski zote ndani ya mfuko, hata bei hakubishana.

Jambo ambalo wachambuzi wa Ulaya na Marekani hulipita haraka ni mahali watu wanapochezea. Vyumba ni vidogo, televisheni ni ya familia nzima, na mtu anatumia muda mwingi kwenye treni. Monster Hunter Portable 3rd ilipotoka Desemba 2010 kwenye PSP, mashine ndogo ya Sony ya kushika mkononi, iliuza zaidi ya nakala milioni 4 nchini humo. Vijana wa sekondari walikuwa wanakaa wanne wanne kwenye meza ya baga, kila mmoja na PSP yake, wameunganishwa bila intaneti, wanawinda dude moja kwa kelele. Xbox ilikuwa inauza kucheza mtandaoni na watu usiowajua, ukiwa sebuleni peke yako. Hawa marafiki zao walikuwa hapo mezani.

Hata mkono una mazoea yake. Pedi ya Xbox ya kwanza ilikuwa dude zito, ikabidi Japani watengenezewe ndogo, ambayo baadaye ndiyo ikauzwa dunia nzima. Kisha vitufe: kwenye mashine za Nintendo, kampuni ya Kijapani, A ya kukubali iko kulia na B ya kurudi iko chini. Kwenye Xbox zimegeuzwa. Niliwashuhudia watu kwenye pedi ya majaribio pale dukani, wanataka kuingia kwenye gemu, wanajikuta wamerudi nyuma, wanacheka, wanaiweka chini.

Xbox One, toleo la tatu, ndiyo ilimaliza hata wale waaminifu wachache. Marekani ilitoka Novemba 2013, Japani wakasubiri hadi Septemba 2014. Sony nao waliwachelewesha Wajapani na PS4 hadi Februari mwaka huohuo, lakini Sony walikuwa na akiba ya mapenzi ya miaka ishirini. Siku za kwanza tu Japani PS4 iliuza zaidi ya laki 3, Xbox One haikufika hata elfu 25. Baada ya hapo watengenezaji wa gemu wa Japani wangeihangaikia kwa faida gani?

Na kama bado unashikilia hoja ya uzalendo, iangalie Minecraft. Imezaliwa Sweden, na tangu 2014 ni mali ya Microsoft. Kule Japani gemu hiyo imekaa kwenye orodha ya gemu zinazouzwa sana wiki hadi wiki, miaka nenda rudi, watoto wa shule za msingi wanaijua kama mchezo wao. Wanaichezea kwenye Nintendo Switch.