Pedali ya breki ikizama, usikimbilie kununua pedi

Jumapili usiku dada mmoja ameniandikia. Akiwa kwenye foleni ya Mwenge, mguu juu ya breki, pedali inashuka polepole mpaka inakaribia kapeti. Akiachia na kukanyaga tena, inapanda na gari inashika. Fundi amemwambia pedi zimeisha, atoe hela zibadilishwe. Anauliza, atoe?

Dada yangu, usitoe. Yaliyokukuta Mwenge mimi yalinikuta mlimani, na nikisoma ujumbe wako mikono ilinitoka jasho.

Mwaka 2019 tulikuwa tunashuka kutoka Lushoto. Mama yangu mzazi alikaa nyuma na mjukuu wake wa miaka minne, mke wangu pembeni yangu. Anayeijua barabara ile ya kwenda Mombo hahitaji kusimuliwa: mwamba upande huu, korongo upande ule, na kona hujaimaliza nyingine imeshafika. Tulikuwa tumepita Soni, tumenunua peasi, mbele yetu lori la mboga. Nikakanyaga breki. Gari ikapunguza mwendo vizuri, kisha nikahisi kama nimekanyaga tope. Mguu unakwenda tu, haufiki mahali. Nikapampu mara tatu, pedali ikarudi kidogo. Nikashusha gia mpaka ya pili, halafu ya kwanza, nikavuta breki ya mkono taratibu, tukasimama pembeni karibu na mfereji. Mama alikuwa ameshika kiti changu kwa nyuma, na hakukiachia hata baada ya gari kusimama.

Linaloniuma mpaka leo ni kwamba pedali ile ilikuwa imenionya wiki tatu nzima, na nilikuwa nimeipeleka gereji mara mbili. Safari ya kwanza nilibadilishiwa pedi za mbele. Nililipa, nikashukuru, siku ya pili pedali ikazama vilevile. Safari ya pili wakasema mfumo umeingia upepo. Kijana akakaa kwenye usukani anakanyaga mpaka chini, mwenzake anafungua nati kwenye magurudumu. Nikalipa tena. Baada ya hapo ndipo hali ikawa mbaya zaidi. Katika mara zote mbili hakuna aliyefungua boneti akajiuliza: mbona mafuta ya breki kwenye kopo hayapungui?

Aliyejiuliza ni mzee mmoja wa pale Mombo, fundi wa chini ya mwembe. Hakugusa gurudumu hata moja. Alitazama kopo, mafuta yako kwenye alama ya juu. Akapapasa nyuma ya matairi, pakavu. Akazima injini, akakanyaga pedali mara tano sita mpaka ikawa ngumu, kisha akaikandamiza kwa mguu kwa nguvu ileile bila kuachia. Tukaitazama inashuka yenyewe kama mtu anayesinzia. Akasema, "Masta silinda imekufa, mwanangu. Mafuta hayatoki nje, yanarudi ndani kwa ndani."

Ndani ya masta silinda kuna pistoni zenye raba zinazosukuma mafuta kwenda magurudumuni. Raba ikichakaa, au ukuta wa silinda ukipata kutu, mafuta yanapenya pembeni ya raba na kurudi nyuma. Ukikanyaga kwa kishindo raba hutanuka na kuziba, ndiyo maana gari inashika. Ukikanyaga polepole na kushikilia, kama kwenye foleni, zinavuja na pedali inazama. Na kile kitendo cha kukanyaga mpaka chini wakati wa kutoa upepo, kwenye gari ya zamani, kinaipeleka raba sehemu ya silinda ambayo haijawahi kufika kwa miaka, penye kutu na uchafu. Inachanika. Kumbe gereji ndiyo ilimalizia kilichokuwa kimeanza. Siku hizi nikitoa upepo naweka kipande cha ubao chini ya pedali isifike mwisho.

Gari ilivutwa hadi Tanga, nikanunua masta silinda mpya, na mzee yule akaja kuifunga mimi nikiwa msaidizi wake. Kabla ya kuifunga aliibana kwenye jiriwa, akaijaza mafuta na kuisukuma pistoni kidogokidogo mpaka mapovu yakaisha. Ukiruka hatua hiyo utatoa upepo magurudumuni kutwa nzima na pedali itabaki laini. Tangu siku ile nimeshabadilisha nne kwa mikono yangu, ya mwisho ni ya jirani yangu mwezi uliopita, na zote zinashika.

Kwa hiyo, dada, jaribio la mzee lifanye wewe mwenyewe, gari ikiwa imesimama mahali tambarare. Ukiwasha injini huku umekanyaga, pedali itashuka kidogo mara moja kisha itatulia. Hiyo ni busta, kile kifaa kinachouongezea mguu wako nguvu ya kukanyaga breki, inafanya kazi, wala si ugonjwa. Pedali ikiwa laini kama sponji na kupanda ukipampu, hapo upepo unawezekana kweli. Mafuta yakipungua, kuna mahali yanatoka: angalia wili silinda za nyuma, yaani zile silinda ndogo zilizo ndani ya magurudumu, hosipaipu, na pale masta inapokutana na busta, maana yanaweza kuingia ndani ya busta usione hata tone chini.

Halafu mafuta yenyewe. Ndugu zangu, tunaua raba kwa mikono yetu. Mafuta ya breki yakipungua mtu anaongeza ya injini au ya usukani, eti yote ni mafuta. Mafuta ya aina hiyo huvimbisha raba za breki, na ukishayatia, kumwaga tu hakutoshi, raba zote zinakuwa mashakani. Weka mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha kopo kinavyosema, na uyabadilishe kila miaka miwili, kwa sababu yananyonya unyevu hewani. DOT 3 mpya inachemka kuanzia 205°C, lakini ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140°C, na kwenye mteremko wa Soni joto hilo linafikika. Tunabeba wazazi na watoto halafu tunabania chupa moja ya mafuta! Hilo sitalinyamazia.

Kesho usiendeshe. Muite fundi aje nyumbani, na akianza kufungua gurudumu kabla ya kutazama kopo, tafuta mwingine. Ukishafanya jaribio, niandikie mambo mawili: pedali imeshuka kiasi gani kwa dakika moja, na mafuta yamesimama wapi kwenye kopo.